Kusoma PDF ndani ya terminali bila kuipakua

Ripoti zetu za bei za dagaa na sangara pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, tunaziandika kwa LaTeX (mfumo wa kupanga maandishi unaotoa PDF) kwenye seva ya mbali, tunayoifikia kwa terminali, yaani dirisha la kuandika amri. Mtandao ukilegea, kupakua PDF kila ukirekebisha mstari mmoja ni mateso. Dawa yake ni pdftotext, programu inayotoa maandishi kutoka kwenye PDF, iliyomo kwenye kifurushi cha poppler-utils:

pdftotext -layout ripoti.pdf - | less

Usiache -layout. Bila hiyo safu za jedwali huvurugika, ukaikuta bei ya sangara mbele ya dagaa. Kile kistari cha peke yake hutuma maandishi kwenye skrini badala ya faili, na less huyaonyesha ukurasa kwa ukurasa. Grafu hazionekani na milinganyo huvunjikavunjika, lakini majina na tarakimu nazikagua hapohapo. PDF yenyewe naipakua ikishakamilika.