Mwisho wa reli, kwa Puyol

Goli la Carles Puyol, beki wa Hispania na Barcelona, dhidi ya Ujerumani sikuliona. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonipandisha treni.

Ilikuwa Jumatano, 7 Julai 2010, nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Durban. Tanga ilikuwa inakaribia saa tano usiku. Kibanda umiza chetu kilikuwa Barabara ya 12, Ngamiani, na kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni na kopo la maziwa nakusanya shilingi 500 kwa kila kichwa. Bila bila. Akatokea jamaa mmoja, ndala mkononi, jasho linamtoka.

"Kaka, zimebaki dakika ngapi?"

"Kama ishirini hivi."

"Basi shika mia mbili."

Nikamwambia hapa hatuuzi mpira kwa vipande kama papa mkavu. Akaanza kupiga hesabu: dakika tisini ni mia tano, kwa hiyo dakika ishirini ni ngapi? Tukiwa katikati ya hesabu hiyo, kibanda kikalipuka nyuma yangu. Benchi moja lilivunjika hapo hapo. Jamaa akanipita kama upepo, bila kulipa hata hiyo mia mbili. Nilipogeuka, kwenye runinga kulikuwa na rundo la Wahispania wamelaliana, na kutoka chini ya rundo zinachungulia nywele ndefu za msokotano. Nikajua ni nani.

Marudio nimeyatazama mara nyingi tangu siku hiyo. Xavi, kiungo wao, anapiga kona kutoka kushoto, na Puyol anatoka nje kabisa ya boksi, anakuja mbio kama mtu aliyeona mwanawe anaangukia kisimani, anapaa mbele ya Piqué, mwenzake, nusura wagongane, na kichwa kinakwenda. Neuer, kipa wa Ujerumani, hakuwa na la kufanya. Dakika ya 73. Lakini marudio ni kiporo, hata ukikipasha moto vipi.

Sasa, Mei 2024, kazi ikanipeleka Barcelona kwa mafunzo ya wiki mbili. Jumapili ya kwanza tulikuwa huru. Wenzangu wote walipanga kwenda kupiga picha Camp Nou, uwanja wa klabu ya Barcelona. Mimi nilikuwa nimepita huko Jumamosi jioni, na niliyoyaona ni winchi, mabati na vumbi, uwanja ukiwa umebomolewa unajengwa upya. Nilichosimama kukitazama ni nyumba ya mawe iliyo pembeni, La Masia ya zamani, nyumba ya shamba ya mwaka 1702 ambayo tangu 1979 hadi 2011 vijana wa akademia walilala humo. Xavi aliingia kwenye klabu akiwa na miaka 11, kiungo mwenzake Iniesta 12. Puyol alikuja 1995 akiwa na miaka 17. Kwa umri huo, kwenye timu kama ile, ni sawa na kufika harusini sahani zinaoshwa.

Nikaamua Jumapili yangu niitumie kwenda alikotoka, mji wa La Pobla de Segur.

Kutoka kituo cha Sants treni ya mwendokasi inakufikisha Lleida kwa saa moja hivi. Lleida ni tambarare, kanisa kuu la kale limekaa juu ya kilima kama bakuli lililofunikwa. Hapo nikabadilisha, nikapanda treni fupi ya dizeli ya njia ya La Pobla de Segur. Nilidhani nimekata tiketi ya hadi mwisho. Karibu na Balaguer akaja mkaguzi, akaitazama, akanitazama, akanionyesha kwa kidole: nilikata ya hadi Balaguer tu. Kosa langu mwenyewe, nilibonyeza mashine kwa haraka. Nikalipa tofauti, abiria wa mbele yangu, mama mmoja mwenye kikapu cha mimea ya nyanya, akacheka na kunipa pipi. Nadhani alinihurumia.

Baada ya Balaguer ndipo safari inapoanza hasa. Hadi hapo ni mashamba. Kisha treni inaukuta mto Noguera Pallaresa na haiuachi tena: handaki, bwawa, handaki, daraja, bwawa lingine. Unatoka gizani ghafla macho yanajaa maji ya kijani, kijani cha chupa ya soda, na kabla hujatoa simu umerudi gizani. Milima ya Montsec inasimama kama ukuta, halafu ukuta wenyewe unapasuka na mto unapita kwenye ufa. Wanauita ufa huo Terradets. Pale juu tai wakubwa walikuwa wanazunguka bila kupiga bawa hata moja. Nilipandisha shingo hadi ikauma.

Nilikuwa nawaza kilichomtoa mtu huku. Familia yake ilikuwa ya wafugaji. Utotoni alianza kama kipa wa timu ya shule, akaumiza mabega, akahamishiwa mbele akawa mshambuliaji. Barcelona walimchezesha kiungo, halafu beki wa kulia, mwisho beki wa kati. Yaani uwanja mzima kaufagia. Mwaka 1998 klabu ilikuwa tayari kumuuza Málaga, akakataa. Rafiki yake Xavi alikuwa ameshapandishwa timu ya kwanza, na yeye akaona zamu yake itafika. Ikafika 2 Oktoba 1999 dhidi ya Valladolid, chini ya kocha Louis van Gaal.

Mwaka mmoja baadaye Figo, aliyeihama Barcelona kwenda Real Madrid, alirudi Camp Nou kwa mara ya kwanza akiwa na jezi nyeupe. Watu laki karibu wanamzomea, na kijana wa miaka 22 kutoka milimani kapewa kazi moja tu: kaa na Figo. Alikaa naye. Barcelona 2, Madrid 0. Mimi niliyecheza namba tano, beki wa kati, mchangani najua raha ya kazi hiyo na ubaya wake. Ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea. Mshambuliaji akifunga mara moja anabebwa mabegani. Wewe ukizuia kumi, watu wanasema mpira ulikuwa mbovu.

Ndiyo maana mambo yake ninayoyakumbuka ni ya ajabu kidogo. Mwaka 2002, dhidi ya Lokomotiv Moscow, kipa ameshapitwa, goli liko wazi, na Puyol anausimamisha mpira kwa kifua, pale pale penye nembo ya klabu. Hakuna kikombe kilichotolewa kwa ajili ya hilo. Na urefu wake ni mita 1.78 tu, wakati mabeki wa kati siku hizi ni minazi.

La Pobla ndio mwisho wa reli. Zamani walikusudia kuipitisha chini ya milima ya Pirineo hadi Ufaransa, kituo cha Saint-Girons, lakini ilipofika hapa mwaka 1951 ikakoma. Unashuka, unatembea hatua chache, na mbele hakuna njia tena. Mji wa watu kama elfu tatu. Mito miwili inakutana, Flamisell na Noguera Pallaresa, na harufu ya mkate ilikuwa imetanda mtaa mzima. Kuna jumba la zamani linaitwa Casa Mauri, lina vigae vya rangi, sasa ni ofisi za halmashauri. Nilizunguka mji kwa dakika arobaini, nikaumaliza.

Nikaingia mgahawa mmoja, nikaagiza kahawa. Kihispania changu ni cha kuombea maji. Mzee wa meza ya jirani, mikono yake mipana kama makasia, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania, halafu nikasema "Puyol" na kugusa kifua. Akacheka, akapeleka mikono yote miwili kichwani na kuchora nywele hewani. Nilitegemea ataanza kunisimulia. Wapi! Alichotaka kunieleza ni habari za mto.

Kwa simu yenye programu ya kutafsiri, iliyokosea nusu ya maneno, tuliongea karibu saa nzima. Kabla ya mabwawa, wanaume wa huku walikuwa wanakata miti milimani, wanaifunga magogo kwa magogo kwa vijiti vya miti vilivyosokotwa, wanapanda juu yake na kuteremka nayo mtoni hadi tambarare ya Lleida na mbele zaidi. Kwa Kikatalani wanaitwa *raiers*. Mabwawa ya umeme yakauziba mto, kazi ikafa. Siku hizi kila Julai mwanzoni watu hupanda tena magogo, wakashuka hadi Pont de Claverol, kijiji cha jirani, watu wakiwa wamejaa darajani. Mzee alisimama kunionyesha: mmoja mbele na kasia, mmoja nyuma na kasia. Akanyanyua kidole kuhusu wa nyuma. Wa nyuma ndiye anayeona kila kitu, alisema, na akikosea wote mnaogelea. Simu ilitafsiri "mnaogelea" kuwa "mnaoga", nikacheka peke yangu.

Sikumwambia namba yangu ya jezi. Nilimnunulia kahawa ya pili.

Kuhusu familia ya Puyol sikuuliza. Novemba 2006 baba yake alifariki kwa ajali ya kazi shambani, miezi michache tu baada ya mwanawe kunyanyua Kombe la Mabingwa wa Ulaya pale Paris akiwa nahodha. Kwenda kwenye mji mdogo na kuanza kuulizia mlango wa wafiwa ni utovu wa adabu, hata kama miaka imepita.

Jioni nilisimama darajani natazama maji. Nilikuwa nafikiria Wembley, 2011, fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Barcelona wamewafunga Manchester United 3–1, na Puyol, aliyetoka benchi dakika za mwisho kabisa, ndiye nahodha. Kikombe ni chake kukinyanyua. Akamvisha kitambaa beki mwenzake Éric Abidal, ambaye Machi ya mwaka huo alikuwa amepasuliwa kuondoa uvimbe kwenye ini, na Abidal ndiye aliyekinyanyua. Mechi 593 kwa klabu moja, ligi sita, makombe matatu ya Mabingwa wa Ulaya, mechi 100 za taifa na magoli matatu. Na kule Afrika Kusini, Hispania walicheza mechi nne za mtoano bila kuruhusu hata goli moja, zote walishinda 1–0. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo ningeichapisha kwenye fulana. Magoti ndiyo yaliyomshinda: 2 Machi 2014 alifunga dhidi ya Almería, na siku mbili baadaye akatangaza kwamba msimu ukiisha anaondoka.

Treni ya kurudi ilikuwa karibu tupu. Kabla haijaondoka nilipiga picha ya kibao cha kituo, LA POBLA DE SEGUR, nikaituma kwa shemeji yangu Tanga. Yule jamaa wa ndala mkononi, nilisahau kusema, alirudi kibandani kesho yake kuomba radhi, akamkuta dada yangu ameleta chakula changu cha mchana. Sasa wana watoto watatu.

"Shem, nipo kwao Puyol," nikaandika.

Tukaingia handaki la kwanza, mtandao ukakata. La pili, la tatu. Tulipotokea kwenye bwawa la Terradets, jua limeshazama nyuma ya mwamba, simu ikalia.

"Shem heshima yako. Ile mia mbili bado unaitaka?"

Nikamjibu ni mia tano. Hapa hatuuzi kwa vipande.