Kifuniko cha Sufuria na Ua la Bonde la Teleki

Mimi ni mpishi. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia habari hii ya ua moja la mlimani hapakosi mtu wa kuniuliza nilisomea wapi mambo ya mimea. Sikuyasomea popote. Nimepika Mlima Kenya, upande wa Naro Moru, misimu mingi kiasi kwamba naihesabu kwa masufuria yaliyotoboka, na kabla ya hapo nilikuwa msaidizi wa jikoni Mombasa. Mombasa tutairudia baadaye, kwa sababu ya mboga iitwayo mchunga.

Ua lenyewe utalikanyaga kabla hujaliona. Liko kwenye ardhi chepechepe kando ya vijito, juu huko ambako msitu umekwisha na baridi imeanza kukuuma masikio. Ni la njano, na halina shina, au kama lipo ni fupi mno. Limekaa katikati ya majani yaliyolala chini kwa duara, kama yai la kukaanga kwenye sahani. Kwa miaka nililipita nikiwa na mtungi wa gesi mgongoni bila kulijali.

Kisha akaja mama mmoja wa Uingereza, mtu mzima, nywele nyeupe, miguu ya mbuzi. Tulipofika bonde la Teleki akainama, akalinyooshea kidole ua lile na kuuliza jina lake. Mwelekezi wetu, mzee niliyemheshimu na ninayemheshimu bado, akajibu bila kusita: "Dandelioni, mama." Mama akatabasamu kwa adabu, ile adabu ya mtu anayejua umemdanganya lakini hataki kukuaibisha mbele za watu. Akasema dandelioni, lile gugu la maua ya njano, anaing'oa bustanini kwake kila mwaka, na hii siyo. Alipokosa jibu jingine akanigeukia mimi niliyeshika birika. Nikasema, "Chai iko tayari." Wapagazi walicheka mpaka kambini.

Usiku ule ushauri ulinijia kutoka kila pembe, na wote ulikuwa mbovu. Mpagazi mmoja alisema ni dawa ya tumbo. Mwingine alishikilia kwamba ni gugu lililoletwa na wazungu kwenye nyayo za viatu vyao. Kijana mmoja, fundi wa simu, akanicheka: "Kaka, hata hili linakusumbua? Piga picha, simu itakwambia." Basi nikapiga picha nikiwa nimesimama, kama kila mtu anavyofanya. Tuliporudi penye mtandao nikaitia kwenye programu yake, nayo ikaleta Taraxacum, yaani dandelioni ileile, tena kwa kujiamini kuliko mzee. Sasa nilikuwa na mzee na simu upande mmoja, na mama mwenye bustani upande wa pili. Nikamwamini mama. Aliye na jembe mkononi hulijua gugu lake.

Mzungu mwingine aliyewahi kupanda nasi alikuwa ameacha pale tunapolala kitabu kinene cha maua ya nyanda za juu, cha Kiingereza, kurasa zimevimba kwa unyevu. Kitabu cha namna hiyo hakikupi picha ukafananisha. Kinakuuliza swali, unajibu ndiyo au hapana, kinakupeleka swali jingine. Nilikaa nacho jioni mbili. Kilipouliza habari za petali nikahesabu kwenye picha, nikajibu, nikasukumwa huku na huko hadi nikatua kwenye Ranunculus oreophytus. Hilo nalo ni la njano, nalo hukaa chini kwenye maji katika mlima huuhuu. Nikafurahi kupita kiasi. Asubuhi nilimtangazia kila mtu, hata dereva wa gari la mizigo ambaye hakuwa ameuliza.

Safari iliyofuata nikalikuta hilo Ranunculus lenyewe, hatua chache kutoka kwa lile letu. Majani yake yamekatikakatika kama dania. La kwetu majani yake ni mapana, mazima. Hata kipofu angezitofautisha kwa vidole. Sikumwambia dereva.

Kosa langu nililielewa kwa bahati. Njiani palikuwa na ua moja lililokatwa na kiatu cha mtu, kichwa kimelala matopeni. Ndani ya hifadhi ya taifa huruhusiwi kuchuma mmea bila kibali, na mimi leseni yangu naipenda, kwa hiyo sikuwa nimewahi kung'oa hata unyasi. Lakini hili lilikuwa limeshakufa. Nikachuchumaa palepale, nikalipasua katikati kwa kisu cha vitunguu. Ndani hapakuwa na ua moja. Palikuwa na vijiua vidogo vidogo, vimesongamana kama punje za mtama kwenye suke. Vile nilivyovihesabu kuwa petali kumbe kila kimoja ni ua kamili lililotoa ulimi mrefu upande mmoja, na vile vya katikati ni vijiua visivyo na ulimi. Nikakumbuka alizeti. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na alizeti iliyokomaa anajua kila mbegu imetoka kwenye kiua chake. Basi hili ni la ukoo wa alizeti, na maswali ya petali hayakunihusu kabisa. Mabaki yake nikayaacha pale pale, nikaosha kisu.

Hapa ndipo Mombasa inapoingia. Pale jikoni kwetu tulikuwa tukinunua mchunga, ile mboga chungu ya porini ambayo watu wa pwani huichemsha na kumwaga maji ya kwanza. Ua lake ni la njano, la ukoo huohuo. Ukichambua mchunga vidole vinanata, kwa sababu ukivunja jani tu linatoa maziwa. Letasi iliyozeeka ni vivyo hivyo, ikate shinani uone. Na dandelioni nayo hutoa maziwa, tena ua lake ni ndimi tupu mpaka katikati, halina vile vijiua vya kitovu. Kumbe jibu la nusu ya kesi nilikuwa nalo vidoleni tangu ujana wangu, na hakuna aliyeniuliza. Kilichobaki ni kulivunja jani la mmea hai, na hilo siruhusiwi.

Pimbi akanisaidia. Wale wanyama wa mawe pale karibu na kambi ya Mackinder hawana kibali wala aibu. Nilikuta jani moja limeumwa muda si mrefu, kidonda kibichi, nami nadhani ni wao. Nikaligusa kwa ncha ya kidole, nikasubiri. Maji tu. Hapakuwa na maziwa hata tone. Dandelioni ikafa siku hiyo, saa mbili kasorobo asubuhi, na mwuaji wake akiwa na meno ya mbele marefu.

Nikarudi kwenye kitabu na majibu mapya. Kikanipeleka vizuri, mpaka kikaniuliza: chini ya jani pakoje? Sasa niambie, jani limegandamana na ardhi kama chapati kwenye kikaango, na wewe huruhusiwi kulichuma. Ukilivuta kwa nguvu utalikwanyua. Nililala kifudifudi kwenye matope, shavu chini, nikaona giza na mdudu mmoja.

Jaribio la kwanza lilikuwa kijiko cha chakula. Nilikiingiza chini ya jani upande wa mgongo, nikachungulia. Niliona pua yangu, kubwa kama kiazi. Nikakigeuza upande wa shimo, nikaiona pua ileile imesimama kichwa chini. Mtu atasema ningenunua kioo kidogo cha kunyolea, bei yake haifiki hata bei ya mkate. Ni kweli, lakini nilikuwa zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, na duka la karibu ni siku mbili za kutembea.

Nilikuwa na kifuniko cha sufuria ya wali. Cha aluminiamu, chembamba, kimepoteza kishikio zamani, kwa hiyo kiko bapa kabisa. Tatizo lilikuwa masizi. Nikakisugua kwa mchanga wa mtoni, nikakisugua kwa jivu, nikamalizia kwa soksi. Soksi ilikuwa yangu, wala haikuwa safi, ila wali wa siku ile ulikwenda na kifuniko kingine, msiwe na wasiwasi. Baada ya kama saa nzima ningeweza kuhesabu meno yangu ndani yake.

Muda anaoupata mpishi mlimani ni mmoja tu. Wageni huondoka kambini kama saa nane usiku kwenda kilele cha Lenana, mita 4,985, wakaone jua likichomoza. Hawarudi mpaka asubuhi imekolea, na hapo watataka uji, mayai na supu kwa pamoja. Katikati yake ni mimi, baridi na pimbi. Nikashuka bondeni na kifuniko changu, nikangoja jua lipite ukingo wa mlima. Nikalala tena kifudifudi. Nikainua ukingo wa jani kwa ncha ya uma, taratibu kama unavyoinua chapati kuangalia imeiva, nikatelezesha kifuniko chini yake.

Pumzi yangu ikakijaza ukungu. Nikafuta. Ukungu tena. Nikajifunza kupumulia pembeni, kama mtu anayekwepa moshi. Nikakiinamisha kidogo kulia ili kishike mwanga, na hapo nikaona: chini ya jani ni peupe. Juu kijani, chini sufi tupu, laini na nyeupe kama mto uliopasuka. Nikageuza kifuniko kuhakikisha, nikaenda mmea wa pili, wa tatu, wa kumi. Wote ni hivyo. Nilipiga picha ndani ya kifuniko na kijiko kando kuonyesha ukubwa, na katika picha ile jicho langu moja linaonekana limetoka kama la kinyonga.

Sikujua kwamba kila nilipokigeuza kifuniko nilikuwa narusha mwanga mlima mzima. Mzee wetu alikuwa anashuka na wageni kwenye changarawe, akaona bondeni kitu kinamulika, kinazima, kinamulika. Akafikiri nimevunjika mguu naomba msaada. Akamwachia msaidizi wake wageni, akashuka mbio kwa umri ule, akanikuta nimelala chini uso kwenye majani. Alisema, "Mungu wangu." Mimi nikasema, "Mzee, njoo uone, chini ni peupe." Maneno aliyonijibu ni ya Kikuyu na siyaandiki. Halafu, baada ya kupumua, akapiga magoti akatazama. Akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akasema, "Na uji?"

Uji ulikuwa umeungua. Hiyo ndiyo gharama kubwa ya shughuli nzima, ukiacha nauli ya matatu kwenda Nairobi, mia tano au mia sita, inategemea dereva na mvua, na lenzi ndogo ya kukuzia niliyoinunua baadaye kwa karibu elfu moja. Lenzi nzuri, lakini haijanionyesha lolote ambalo kifuniko hakikunionyesha.

Jina nilikuwa nimeshalipata kitabuni, ila baada ya aibu ya Ranunculus sikutaka kulitamka mpaka mtu anayejua aniambie. Nikaenda kwenye hazina ya mimea iliyokaushwa pale makumbusho ya taifa, Nairobi. Dada mmoja akanisikiliza. Akauliza kama linatoa maziwa, nikasema halitoi. Akauliza shina, nikamwonyesha hakuna. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kukatishwa tamaa, kama kwa bahati nilitazama chini ya jani. Nikatoa picha ya kifuniko. Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaleta karatasi zenye mimea iliyobanwa zamani, ya rangi ya tumbaku, na pale palikuwa na duara langu la majani, weupe wake bado uko. Haplocarpha rueppellii. Mwenyeji halisi wa milima ya Afrika Mashariki na Ethiopia, hakuletwa na kiatu cha mtu. Jina la pili ni la Eduard Rüppell, Mjerumani wa Frankfurt aliyezunguka Ethiopia miaka ya 1830, na ndiye huyohuyo aliyeachiwa jina lake yule tai mkubwa mla mizoga.

Nilipokuwa natoka dada akaniongezea jambo ambalo nalitumia hadi leo kupata bakshishi: ile miti ya ajabu ya mlimani, Dendrosenecio, yenye vichwa kama kabichi kubwa zilizopachikwa juu ya nguzo, nayo ni ya ukoo wa alizeti, ndugu wa hiki kiua cha chini. Lobelia zinazosimama kando yake, ambazo wageni hudhani ni pacha, si za ukoo huo. Waelekezi wengi huchanganya. Mimi huwaacha wamalize, kisha namimina chai.

Kwa hiyo nipo kwenye bonde lenye jina la Teleki, Mhungaria aliyepita huku 1887, nalala kwenye kambi yenye jina la Mackinder, Mwingereza aliyefika kilele cha Batian 1899, nalitazama ua lenye jina la Mjerumani. Wali ndio wangu.

Mama wa Uingereza alirudi mwaka uliofuata na mjukuu wake. Tulipofika penye kijito mzee hakungoja kuulizwa. Alisimama, akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama, kama daktari anayedai mkasi, akasema, "Kijana, kifuniko."