Leseni ya boti ilipokwama, nilidai kwa barua

Ofisi ikikunyima leseni kwa maandishi, angalau una kitu cha kulalamikia. Kazi ipo kwa ile inayokwambia "faili liko kwa mkubwa" mpaka uchoke mwenyewe. Mimi navua dagaa kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Victoria, mzigo nauza Mwaloni Kirumba, Mwanza. Maombi yangu ya leseni ya boti ya pili yalikaa ofisini (ofisi yenyewe siitaji) hadi kalafati ya boti ikaanza kuachia kwa jua. Ada nimelipa, ukaguzi umefanyika, na hakuna aliyesema kuna kasoro.

Sisi wa dagaa tunaingia ziwani siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka tunapumzika. Kwa hiyo kila "njoo wiki ijayo" ilinila giza, na vijana wangu wakaanza kuhamia boti za watu. Wengine walinishauri niingie tu bila leseni. Doria ikinikuta je? Nyavu, taa na injini vingekwenda vyote.

Mzee mmoja pale Mwaloni alinipeleka kwa wakili. Yule dada aliniuliza swali moja: "Kaka, umewadai kwa maandishi?" Nikamwambia ofisini nimekwenda hadi mlinzi ananijua kwa jina. Akasema kwenda siyo kudai.

Kumbe kuna kesi ya kanda yetu hii hii, iliyoripotiwa mwaka 1986: Byombalirwa dhidi ya Mkuu wa Mkoa na Kamanda wa Polisi wa Mkoa, Bukoba. Iliamuliwa na Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza. Ilihusu mali zilizoshikwa na polisi, wala si leseni, lakini masharti yake ya kuiomba mahakama imlazimishe ofisa kutimiza wajibu wake, mawakili wanayatumia mpaka leo. Uwe umedai jambo lifanyike, ofisa akakataa. Awe na wajibu wa kisheria wa kulifanya, tena wa lazima, siyo wa kupenda kwake. Uwe huna njia nyingine ya kukutosha, na jambo lenyewe liwe linakugusa.

Hapo kwenye kukataa ndipo kimya cha ofisi kinapotesa, maana aliyenyamaza anaweza kusema hajakataa. Barua inamtoa mafichoni. Ukimpa muda wa haki ukapita bila jibu, kimya chake kinaanza kusomeka kama kukataa.

Basi nikapeleka barua, nakala mbili. Karani wa masjala akaipokea, akaiweka chini ya kikombe cha chai, akasema, "Acha tu, nitamfikishia." Nikamwomba anigongee muhuri kwenye nakala yangu. Akasema wino umekwisha. Nikakaa kwenye benchi. Alipokuja mama mmoja na barua yake, wino ukapatikana, nami nikanyanyuka na nakala yangu. Muhuri ukagongwa, tarehe ikasomeka vizuri.

Muda tuliowapa ukapita kimya. Wakili akafungua maombi ya kibali, yaani ruhusa ya kuleta shauri lenyewe, Mahakama Kuu Mwanza, pamoja na maelezo na kiapo changu, muhuri ule ukiwa kiambatisho. Kanuni za 2014 zinataka kibali kiombwe ndani ya miezi sita tangu tendo au kutotenda kunakolalamikiwa, na ukikipata una siku 14 za kufungua maombi yenyewe. Ndiyo maana wanaosubiri kwa adabu mwaka mzima huambiwa wamechelewa wao. Na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aitwe.

Wakili alinionya pia nisitegemee jaji anipe leseni. Amri ninayoomba, wenyewe wanaiita mandamus, inamlazimisha ofisa kuamua. Akiamua "hapana" kwa sababu za kisheria, hiyo ni vita nyingine. Nilikubali. Hata hapana ningejua boti niiuze.

Haikufika huko. Tulipoitwa mahakamani, Wakili wa Serikali alisimama akasema maombi ya leseni yameshashughulikiwa. Leseni ilikuwa imesainiwa siku chache tu kabla, faili lile lile ambalo kwa mkubwa halikuwa likitoka. Tukaondoa shauri, kila upande ukabeba gharama zake. Zangu nimelipa kwa awamu, na wakili bado ananidai ndoo ya dagaa niliyomwahidi.