Kununua Kisu cha Jikoni Ujerumani bila Kuumiza Mfuko

Mgeni anayepanga jiko lake la kwanza Ujerumani hukutana na visu vingi kuliko anavyoweza kuvifahamu. Supamaketi humwekea kisu cha euro tano pembeni mwa sufuria, duka la vyombo humwonyesha seti nzima iliyochomekwa kwenye gogo la mti, na mtandaoni huletewa kisu chenye mawimbi ya kuvutia kwenye bapa, kinachosemekana kuwa ni cha Damascus, kwa bei isiyofika euro 30. Ushauri wangu kwa ndugu wanaoniuliza hapa Düsseldorf haubadiliki: nunua kisu kimoja cha mpishi chenye bapa la sentimita 20, cha chuma cha pua kilicho laini kiasi, cha Kijerumani au cha Kiswisi, kwa euro 30 hadi 50, na fedha inayobaki itumie kwa jiwe la kunolea.

Seti ndiyo ya kuachwa kwanza. Ukiitazama vizuri utakuta kwamba bei yake imegawanywa kwa visu ambavyo havitatoka kwenye lile gogo mwaka mzima, pamoja na mkasi na gogo lenyewe. Jiko la nyumbani linatosheka na kisu cha mpishi, kisu kidogo cha kumenyea ambacho hapa hupatikana kwa euro chache tu, na kisu cha mkate chenye meno. Yale mawimbi nayo yasikuhadae. Bapa la Damascus la kweli hutokana na tabaka za vyuma vilivyounganishwa kwa moto na kufuliwa, kazi ambayo haiwezi kuuzwa kwa bei ya kutupa. Kwenye visu vya bei hiyo mara nyingi mchoro umetiwa juu kwa leza au tindikali, na nyanya haikatiki vizuri zaidi kwa sababu ya mchoro.

Cha kutazamwa ni chuma. Visu vingi vya Ujerumani vimepigwa chapa ya X50CrMoV15, na herufi hizo zinaeleza mchanganyiko wenyewe: kaboni nusu asilimia hivi, kromiamu asilimia 15 hivi ya kuzuia kutu, pamoja na molibdeni na vanadi kidogo. Chuma hiki hufikia ugumu wa 55 hadi 58 kwa kipimo cha Rockwell. Visu vya Kijapani vya chuma kama VG-10 hufika 60 au 61, na kwa hiyo hukaa na makali muda mrefu zaidi na huweza kuchongwa vyembamba zaidi. Anayekata samaki na mboga laini, na anayekijali kisu chake, atavifurahia. Lakini ugumu huo una gharama yake, kwa kuwa chuma kigumu hakipindi, hukatika vipande vidogo vidogo kwenye makali. Fikiria mapishi yetu: kuku mwenye mifupa, boga lenye ganda gumu ambalo mtu huligeuzia kisu ndani yake ili lipasuke, muhogo wa kugandishwa kutoka duka la bidhaa za Kiafrika. Kisu laini kikiteleza juu ya mfupa kitapinda ukingo kidogo na kunyooshwa. Kisu kigumu kitatoka na pengo linalohitaji kusagwa kwa muda mrefu. Hata hivyo, hakuna kisu cha mpishi kilichoumbwa kupasua mfupa. Mifupa ya mbuzi mwachie muuza nyama wa duka la Kituruki au la Kiarabu, ambaye ana msumeno wa umeme na atakukatia ukubwa unaotaka, na muhogo uuache uyeyuke au uuchemshe kwanza, kisha uupasue na kutoa ule uzi wa katikati.

Kwa bei nafuu, kisu ninachokitaja mara nyingi ni kile cha Victorinox chenye mpini mweusi wa plastiki usioteleza. Kampuni hiyo ilianzishwa na Karl Elsener mwaka 1884 huko Ibach, Uswisi, na wengi wetu tunaijua kwa visu vyake vyekundu vya mfukoni. Kisu chake cha mpishi hakifuliwi, bali hukatwa kutoka bamba la chuma, na ndiyo maana ni chepesi na bei yake iko chini. Wauzaji hupenda kusema kwamba kisu kilichofuliwa ni bora. Ni kizito zaidi na hukaa vizuri mkononi mwa anayependa uzito, lakini chuma mara nyingi ni cha aina ileile, na tofauti ya bei yaweza kuwa mara mbili au tatu.

Wenye kuutaka uzito huo wana mji wa Solingen, mwendo mfupi wa treni kutoka hapa, ambako visu vimetengenezwa kwa karne nyingi. Kampuni ya Zwilling, kwa mfano, inahesabu historia yake tangu mwaka 1731. Jina la Solingen linalindwa na sheria tangu 1938, na haliwezi kuandikwa juu ya kisu ambacho hatua zake kuu za utengenezaji hazikufanyika katika eneo hilo. Kwa hiyo soma bapa lenyewe. Kampuni yenye makao Solingen yaweza kuuza pia visu vilivyotengenezwa nchi nyingine, na hivyo havitakuwa na jina la mji.

Dukani omba ukishike. Bana mwanzo wa bapa kwa kidole gumba na cha shahada, vidole vingine vikiwa kwenye mpini, kisha kiweke juu ya meza kana kwamba unakata kitunguu: vifundo vya vidole visiguse meza. Tazama pia ile nundu nene ya chuma kati ya bapa na mpini. Ikiwa inashuka mpaka kwenye makali, miaka ya kunoa italila bapa na kuiacha nundu, na kisu hakitakaa tena sawa juu ya ubao. Nundu inayoishia katikati, au kukosekana kwake kabisa, ni heri. Atakayekata sukuma wiki nyembamba, au lile kabichi la majani yaliyojikunja ambalo Wajerumani hulila majira ya baridi na ambalo linafaa sana kuwa mbadala wake, ataona faida ya bapa refu pale anapoviringisha majani na kukipitisha kisu mara moja, kuliko kukata mkononi kuelekea dole gumba kama tulivyozoea.

Kunoa ndiko kunakotofautisha kisu cha euro 40 na cha euro 5 baada ya miezi michache. Nunua jiwe la maji lenye chembe za kiwango cha 1000. Liloweshe mpaka viputo vikome, liweke juu ya kitambaa kibichi lisiteleze, kisha laza bapa huku mgongo wake ukiwa umeinuka sentimita moja na nusu hivi, na ukisukume kisu kutoka kisiginoni hadi nchani. Endelea mpaka upande wa pili, ukiupapasa kwa kidole kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, uhisi mkwaruzo mdogo, hapo geuza. Ukimaliza pande zote mbili, pitisha taratibu kwa zamu hadi mkwaruzo utoweke. Jaribio la haki ni nyanya iliyoiva: ngozi ikatike bila kubonyezwa. Kitunguu nacho hutoa machozi machache kikikatwa badala ya kupondwa.

Chuma laini kina sifa nyingine kwa sisi wenye mama na shangazi nyumbani wanaoagiza kisu kizuri kutoka Ulaya. Kitanoleka hata kwenye kitako cha kikombe cha udongo, ile sehemu isiyong'aa, kwa kuwa udongo uliochomwa ni mgumu kuliko chuma hicho. Ubao uwe wa mti au plastiki, usiwe wa kioo, na mashine ya kuoshea vyombo isikiguse kisu kabisa.

Kuna jambo moja la sheria ambalo mwenye kualikwa kupika pilau ya harusi lazima alijue. Kifungu cha 42a cha sheria ya silaha ya Ujerumani kinakataza kubeba hadharani kisu kisichokunjwa chenye bapa linalozidi sentimita 12, na masharti yaliongezwa Oktoba 2024 baada ya shambulio la kisu lililotokea Solingen mwezi Agosti. Kisafirishe kisu chako ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa kufuli, chini kabisa ya begi. Kwa ndege, kiende kwenye mzigo wa kukabidhiwa, makali yakiwa yamefunikwa kwa kadibodi nene ili anayekagua mzigo asijikate.