Baiolojia ilivyonigaragaza, na ugoni ulivyoniokoa

Nianze na binamu yangu, maana hasira zangu zote zinaanzia kwake. Nilipojiandikisha kufanya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, yeye alikuwa ameshaupita. Akaniambia: "Baiolojia usihangaike nayo, ni kukariri tu. Komaa na kemia na fizikia, baiolojia utaibeba wiki mbili za mwisho." Nikamwamini. Mtu aliyefaulu mtihani hugeuka nabii kwa muda.

Wiki mbili za mwisho zikafika. Nikanunua kalamu za rangi, nikaanza kupaka kila sentensi niliyoona ni muhimu. Kufikia sura ya tatu kila sentensi ilikuwa muhimu, na kitabu kilifanana na kinyonga mwenye homa. Nilipoona siku zinakwisha nikaja na mbinu niliyoiona ya kisayansi kabisa: nilijirekodi nikisoma sura ya figo kwa sauti, nikawa nalala na spika masikioni. Usiku kumi mfululizo. Kwenye rekodi hiyo nilikohoa mara moja, katikati ya maelezo ya ADH, homoni inayoufanya mwili ubane maji yasipotee kwenye mkojo. Siku ya mtihani likaja swali la ADH inatengenezwa wapi. Nilikumbuka kikohozi changu vizuri sana, hata urefu wake. Neno lililokifuata, hapana.

Nikajaza tezi ya pituitari. ADH hutengenezwa kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo, pituitari huihifadhi na kuiachia tu. Matokeo yalipotoka, fizikia niliyokuwa naiogopa ilikuwa nzuri, na baiolojia, somo nililotamba nalo miaka yote, ndiyo iliyonizamisha. Kozi ya maandalizi niliyokuwa nimelipia ilinila pesa ambazo hadi leo sipendi kuzitaja.

Mara ya pili nilianza na figo ileile, kwa kisirani tu. Kitu kilichonishtua ni hesabu: figo mbili huchuja takriban lita 180 kwa siku, lakini mkojo tunaotoa ni kama lita moja na nusu. Kumbe miezi yote hiyo nilikuwa nasoma nefroni, yaani vile vijibomba vidogo vya figo, kama mashine ya kutengeneza mkojo, wakati sehemu kubwa ya kazi yake ni kurudisha mali. Nikaanza kuuliza kila kipande cha bomba swali moja: wewe unarudisha nini? Cha kwanza kinarudisha glukosi yote na maji mengi. Kinachofuata, kitanzi cha Henle, kinajaza chumvi sehemu ya ndani ya figo, ili baadaye, ADH ikija, maji yapate wa kuyavuta. Tangu hapo swali la mtu aliyekaa na kiu mchana kutwa nalijibu bila kukumbuka chochote, nafuata maji tu. Nilikuwa nachora hayo yote kwenye karatasi tupu, kitabu kimefungwa, nyuma ya karatasi zilizokwisha tumika. Nefroni yangu ya kwanza ilionekana kama mnyoo aliyekanyagwa. Ya ishirini ilionekana kama mnyoo mwenye afya. Inatosha, hakuna anayesahihisha uzuri.

Lakini si kila kitu kinaeleweka kwa kufuata maji. Majina ni majina. Hapo ndipo naomba nijisifu kidogo.

Glukosi, glukagoni, glaikojeni: haya matatu yalinitoa jasho. Siku moja, usiku wa manane, jicho likatua kwenye mkia wa neno: gluka-GONI. Ugoni! Mambo yote yakakaa sawa. Glaikojeni ni glukosi nyingi zilizojifungia chumbani, yaani kwenye ini, zimekumbatiana mnyororo mzima. Sukari ikipungua kwenye damu, glukagoni, ambaye ni homoni, anatoka kongosho na hasira zake, anasukuma mlango, anafumania. Glukosi zinaachiana, zinatoka mbio barabarani moja moja, na damu inapata sukari. Insulini ndiye kinyume chake, herufi yake ya kwanza ni I ya "ingia": anaingiza sukari ndani. Na kwenye misuli nako kuna glaikojeni, ila glukagoni hana ufunguo wa chumba hicho, na hata kikifunguliwa, misuli haina kimeng'enya cha kuiachia glukosi itoke kwenye damu. Mtego huo wanaupenda sana watunga mitihani.

Nikaandika kwa herufi kubwa, nikabandika ukutani: SUKARI IKISHUKA, UGONI. Mama akaingia kufagia, akasoma, akatoka kimya. Jioni nikaitwa sebuleni. "Mwanangu," akaanza, sauti ya chini, "kuna jambo unataka kuniambia?" Ilinichukua nusu saa kumweleza kazi ya kongosho. Alielewa kuliko nilivyoeleza.

Hatua za mgawanyiko wa seli nilizifunga kwa "Paka Mweusi Amelala Tuli": profezi, metafezi, anafezi, telofezi. Halafu metafezi ni M ya mstari, kromosomu zinajipanga katikati. Anafezi ni A ya achana. Tunga zako mwenyewe, za mwenzako hazishiki.

Urithi ndio uliobaki kunitesa, na hapo hakuna ugoni wa kukuokoa, ni daftari la makosa tu. Kila swali nililokosa niliandika nilifikiri nini, siyo jibu sahihi ni lipi. Mfano: wazazi wote wawili wamebeba jeni ya selimundu bila kuugua, mtoto wa kwanza anaumwa, je, uwezekano wa wa pili kuumwa? Niliweka sifuri. Kwenye daftari nikalazimika kuandika: "Nilidhani zamu imeshapita." Kama vile jeni zinapanga foleni. Ni robo, kila mimba robo. Halafu wakageuza: mtoto ni mzima, je, uwezekano kwamba amebeba jeni hiyo? Nikaweka nusu, nikakosa tena. Ukishajua ni mzima, ile robo ya wagonjwa inatoka mezani. Zinabaki nafasi tatu, na mbili kati yake ni za wabebaji. Theluthi mbili. Hilo nilikuwa nawatega nalo wenzangu mpaka wakanichoka.

Daftari hilo pia lilinionyesha aibu nyingine: karibu nusu ya makosa yangu nilijua jibu, ila sikuona neno "isipokuwa". Nikaanza kulizungushia duara kabla ya kusoma kingine chochote. Na nilifunika majibu manne kwa kiganja mpaka niwe na langu kichwani, kwa sababu jibu la uongo lililoandikwa vizuri hunishawishi haraka sana. Mimi ni mtu wa kushawishika, rejea binamu.

Binamu, kwa taarifa yenu, sasa anawaambia watu ni yeye aliyenipa mbinu.

Siku ya mtihani wa pili kuna swali nilicheka kwa sauti hadi msimamizi akanisogelea. Matokeo yalipotoka Mama hakuuliza alama. Aliuliza: "Na yule mgoni wako, alikuja?"

Nikamwambia alikuja, swali la 32.