Mwanunua Harufu

Neno moja la Mzee limenikaa kifuani tangu Jumatatu, na kwa kuwa halitoki kwa kulala wala kwa kufanya kazi, naliandika. Wiki hii dada ameposwa, mvua imeingia chumbani kwangu kupitia dari, na mabamba ya ile mashua ya watalii yameondoka karakanani salama. Yote hayo yamepita, neno la Mzee halijapita.

Alikuja baada ya Alasiri, kama ilivyo ada yake tangu alipostaafu, akatukuta mimi na kijana wetu tunapiga tapu za M8, yaani tunachonga kwa chuma chenye meno hesi za skrubu ya milimita 8 ndani ya matundu, kwenye bamba la stenlesi lenye unene wa milimita 12. Nilimwamkia, akaitikia, akainamia jiliwa lililolibana bamba kuangalia kazi.

"Mwatumia mafuta gani hapo, mwanangu?"

"Mafuta mazito ya salfa, Mzee, yale ya kukatia hesi."

Alilichukua kopo, akalinusa, akalirudisha mahali pake taratibu. "Sisi tulitumia shahamu, na hesi zilitoka. Nyinyi mwanunua harufu."

Kisha akauliza hali ya Mama, akamsifu kijana kwa namna alivyoushika mpini wa tapu, akaenda zake. Kijana hakusema kitu, ila alinitazama mimi kuona nitajibu nini, nami sikujibu, kwa sababu aliyesema ndiye aliyenifundisha kushika tupa na mtu hamjibu mwalimu wake mbele ya mwanafunzi. Tangu hapo nimeyarudia maneno yake kwa kila namna. Nikiwa nimesimama kwenye feri nayasikia kama dharau kwa pesa nilizoomba ofisini kununulia kopo lile. Nikiwa kitandani nayasikia kama huzuni ya mtu aliyeona shahamu yake, yale mafuta ya mnyama, imetupwa. Nimejiuliza kama uzito ulikuwa kwenye "mwanunua" au kwenye "harufu". Linaloniuma ni kwamba mafuta yale sikuyachagua kwa mazoea, na yeye ndiye mtu ambaye ningependa zaidi ajue hivyo.

Bamba lenyewe ni la stenlesi ya daraja la 316, lile lenye chromi, nikeli na asilimia 2 hadi 3 ya molibdeni, linalochaguliwa kwa vyombo vya baharini kwa kuwa molibdeni hulikinga na vidoto vya kutu vinavyoletwa na chumvi. Chuma hiki kikisuguliwa pasipo kukatwa huwa kigumu papo hapo, hivi kwamba keekee butu inayozunguka bure ndani ya tundu humwachia mpiga tapu ukuta mgumu kuliko bamba alilonunua. Joto nalo halisafiri haraka ndani yake. Hulipitisha kwa kiasi cha thuluthi moja tu ya chuma cha kawaida, kwa hiyo joto lote hubaki kwenye ncha ya tapu. Kibaya zaidi, utando mwembamba unaoukinga uso wake dhidi ya kutu ukikwanguliwa, chuma kipya kilichoachwa uchi hushikana na chuma cha tapu kana kwamba vimechomelewa, na mkono unaolazimisha kuzungusha katika hali hiyo huivunja tapu ndani ya tundu.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba mafuta yoyote yanatosha. Mafuta ya injini yametengenezwa ili vyuma vinavyozunguka kwa kasi vielee juu ya utando wake, ilhali tapu inayozungushwa kwa mkono haina kasi ya kuujenga utando huo. Yale maji meupe ya mashine ya kukereza hupoza vizuri sana, lakini ndani ya tundu la tapu adui wa kwanza ni mgandamizo, joto hufuata nyuma yake. Mafuta ya kopo la kupuliza hukauka kabla tapu haijafika katikati. Mafuta ya nazi, ambayo hapa kwetu hukaa majimaji karibu mwaka mzima kwa kuwa huanza kuganda yakishuka nyuzi 24 hivi, ni afadhali kuliko yote hayo, ila ni mepesi mno kwa bamba nene. Kinachotakiwa ni kitu kitakachokataa kuondoka kati ya nyuso mbili hata zikibanwa kiasi gani.

Usiku wa Alhamisi, dada na shangazi zake wakiwa sebuleni wanahesabu wageni, niliisoma upya karatasi ya maelezo iliyokuja na kopo, nikaufikia mstari ambao macho yangu yalikuwa yakiuruka: mafuta yale yamepikwa kwa mafuta ya wanyama yaliyochanganywa na salfa yakiwa moto hadi vikashikamana. Niliweka karatasi chini nikacheka peke yangu kwa furaha. Ndani ya kopo langu mna shahamu ya Mzee. Mafuta ya wanyama yana asidi ambazo upande wake mmoja hung'ang'ania chuma, na ndiyo sababu shahamu, hiyo hiyo inayochanganywa na chokaa na kupakwa chini ya jahazi, ilimtumikia miaka yote ile. Salfa imeongezwa kwa ajili ya pale ambapo shahamu peke yake huchoka: joto linapopanda sana kwenye ncha ya jino la tapu, mafuta ya mnyama huachilia, na hapo ndipo salfa huanza kazi, ikiungana na uso wa chuma na kufanya utando laini unaokatika kabla vyuma havijashikana. Harufu aliyoikunjia uso ndiyo inayoshika zamu shahamu inapoishiwa nguvu.

Ijumaa, baada ya swala, nilipita kwa muuza nyama nikaomba mafuta ya ng'ombe, nikayayeyusha na kuyachuja, kisha mimi na kijana tukapiga tapu kwenye kipande kilichobaki cha bamba lile lile, tundu moja kwa shahamu, la pili kwa mafuta ya kopo. Jedwali husema M8 itobolewe kwa keekee ya milimita 6.8, kwenye stenlesi ya unene huu mimi hutoboa 7.0, kwa kuwa hesi hubaki na zaidi ya asilimia 60 ya kina chake na tapu haibanwi. Tulikwenda nusu mzunguko mbele, robo nyuma, kuyavunja maranda. Shahamu iliingia kimya, na maranda yalitoka yamejikunja, meupe, yenye kung'aa. Kuelekea mwisho wa tundu mpini ulianza kutetemeka kidogo kiganjani na tapu ikatoa mlio mwembamba, ule ambao Mzee mwenyewe alinifundisha kusimama niusikiapo. Tukaongeza shahamu, mlio ukapungua, hesi ikatoka nzuri kabisa. Kwenye tundu la pili hapakuwa na mlio wowote, na mkono wangu ulikwenda kwa uzito ule ule kuanzia juu hadi chini. Basi Mzee alisema kweli kwamba hesi zilitoka. Nami nasema kweli kwamba mabamba ya mashua yakiwa mengi, tofauti iko katika tapu ngapi zitabaki nzima.

Nimemweleza kijana pia yale ambayo kopo halimfundishi. Mafuta ya salfa hayatumiwi kwenye kazi za shaba, kwa kuwa huzitia weusi, na karakana yetu inapokea bushi za shaba za rafadha kila mara. Kwa hiyo brashi yake itakaa peke yake. Mafuta yenye klorini huweza kuishinda hata salfa kwenye stenlesi, maana huamka katika joto la chini zaidi, lakini sitayaingiza kwetu maadamu tunachomelea vipande vile vile tunavyovipiga tapu: mabaki ya klorini yakipatwa na joto hukiletea chuma nyufa, na matundu yasiyotoka upande wa pili hayasafishiki kwa urahisi. Na hata haya ya salfa huoshwa kwa sabuni na maji ya moto kabla kipande hakijaondoka.

Mzee akija Jumatatu nitampa vile vipande viwili avishike bila kumwambia kipi ni kipi, kisha nitamsomea ule mstari wa karatasi. Natamani sana kuona uso wake.

Ila leo asubuhi nimekuta kisu kidogo kando ya dawa za Mama, nikagundua kwamba anavikata vidonge vya presha nusu kwa nusu ili vifike mwisho wa mwezi, na nilipomuuliza alisema anajisikia vizuri. Posa hii ina gharama na najua anafikiria nini. Kesho nitapita duka la dawa la Mwembe Tayari kabla ya kwenda kazini.