Kikwembe cha Mama wa Fizi

Ukianza kazi Te Papa, makumbusho ya taifa ya New Zealand pale Wellington, unaambiwa mapema kwamba nyumba ile ina wenyewe wawili. Ilifunguliwa mwaka 1998, na mkurugenzi huiongoza pamoja na Kaihautū, kiongozi wa upande wa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Msingi wake ni Mkataba wa Waitangi wa 1840, kati ya machifu wa Kimaori na ufalme wa Uingereza. Mimi, mtoto wa Tanga, nilikuwa mhifadhi upande wa historia, na Waafrika wenzangu mjini hawakuacha kunichokoza: sasa sisi wengine tunakaa chumba gani?

Jibu sikuwa nalo mpaka alipokuja mama mmoja wa Fizi, Kongo, aliyepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Alileta kikwembe, yaani kitenge, alichobebea watoto wake wote mgongoni. Kimechujuka, manjano yamebaki pindoni tu. Nilikwishaandaa fomu, glavu na penseli, maana wino haukaribii vitu. Mwenzangu Mmaori, dada wa makamo, akauliza nani atakipokea. Nikamwambia, mimi. Akacheka, akatupeleka Rongomaraeroa.

Hiyo ni marae, uwanja wa Wamaori wa kukutania na kupokea wageni, ya humo humo ndani ya jengo, kazi ya msanii Cliff Whiting, nakshi zake zina rangi kali kuliko duka la vitenge. Kwa mila zao, mwanamke wa wenyeji huita kwa sauti ndefu, na mwanamke wa upande wa wageni humjibu. Mimi mwanamume sina langu hapo. Dada akaita, sauti ikapanda hadi darini. Nikawa naona aibu kwamba Mama sikumwandaa, kumbe hahitaji kuandaliwa: alivuta pumzi, akapiga vigelegele vikavuma ukumbi mzima. Wakagusana pua na paji la uso, kisha tukanywa chai.

Ofisini ndipo mambo yalipokuwa magumu. Nilieleza kwamba nguo yoyote huwekwa kwanza kwenye friza, kuua wadudu.

"Munaitia ku friji sawa samaki?"

Halafu akauliza lililomleta hasa. Binti yake ana mimba. Mtoto akizaliwa, wataruhusiwa kukichukua wakambebee? Nikaanza kueleza kwamba kitu kikishaingia kwenye mkusanyiko wa taifa hakitoki kirahisi. Dada akanikata kauli. Alimsimulia Mama habari za Te Hau ki Tūranga, nyumba ya nakshi ya watu wa Rongowhakaata, iliyochukuliwa na serikali mwaka 1867 na ambayo uzao wao umeidai miaka na miaka. Kwao, alisema, kitu hakikati undugu na watu wake kwa sababu kimelala kabatini kwa mtu mwingine.

Mama akasikiliza, akakikunja kikwembe, akakirudisha mkobani. Bado kina kazi, alisema. Tukakipiga picha na kurekodi sauti yake, kwa ridhaa yake.

Baadhi ya wenzetu waliona tumepoteza kitu kizuri. Dada hakuwa na habari nao. Alikwishaelewana na Mama waonane Jumamosi nyumbani kwake, na mimi nikatumwa unga wa muhogo, ambao Wellington haupatikani kila duka.